Kimya Shambani kwa Apolinari

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha masuke mbugani, nje kidogo ya Kibaoni, pale Apolinari Lyamba alipopewa shamba alilinde. Ulikuwa mwaka 1979. Alikuwa amerudishwa mapema kutoka vita vya Kagera kwa sababu ya jeraha la bega. Alipofika walimpokea kwa ngoma, na kwenye tawi la chama wakamsimamisha asimulie. "Tulikwenda, tumerudi," alisema, akakaa. Watu walimpigia makofi, wakadhani ni maringo ya askari.

Mkewe Marsela alikuwa amelima, akapanda na kupalilia peke yake. Sasa homa ilikuwa imemlaza.

"Baba Gaspar, ni ndege tu," alimwambia kutoka kitandani. "Umelinda mpaka wa nchi, nilindie na hako kashamba. Kakienda, hatuna chakula."

"Nimesikia."

Kwingine watu hufunga vitambaa kwenye kamba, au hutega nyavu. Mbugani pale silaha ilikuwa koo. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kichanja kirefu cha miti, na mlinzi alikaa juu tangu alfajiri. Ndege wakitokea alipiga ukelele, jirani akaupokea, wa tatu naye akaupokea, hadi kundi zima likasukumwa ng'ambo ya mto. Kwenye shamba lililonyamaza ndiko ndege walikotua.

Apolinari alipanda dunguni. Kwelea wakaja kama moshi. Kwenye shamba la jirani, Nkwabi, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake, alipiga ukelele akangoja upokewe. Apolinari alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hakuogopa, wala hakuona uchungu. Aliwatazama ndege wakitua kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kijijini kwa wenzake. Kisha alishuka, akapita katikati ya mpunga akipunga shati. Ndege waliruka mbele yake wakatua nyuma yake, na mabua yakavunjika chini ya buti.

"Jeshi," Nkwabi aliita, "umefukuza wenye vifaru, unashindwa na vindege vya kutia mfukoni?"

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Hatimaye Marsela alijikokota hadi shambani. Upande wa mashariki masuke yalisimama wima, mepesi, hayana kitu.

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho."

"Basi mbona kimya? Tutakula buti zako?"

Aliyatazama masuke. "Yotham aliniita," alisema. "Yule tuliyeondoka naye hapa. Aliniita jina kwa sauti kule porini, mara moja tu. Bomu likaja palepale sauti ilipotoka." Alisema kama anayetaja bei ya chumvi. "Tangu hapo nikitaka kupiga kelele koo linafunga. Nilidhani litafunguka."

Marsela hakulia. Alikaza khanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Nkwabi. Apolinari alimfuata nyuma.

"Shemeji, mume wangu hawezi kupiga kelele. Vita vimemfunga koo. Usimcheke tena."

"Mbona tawini walisema karudi mzima?"

"Walimuuliza nani?"

Nkwabi alikuna kidevu. "Mimi naweza kupigia kelele mashamba mawili, koo ninalo. Ila kwa mashamba mawili sitapata nafasi ya kushuka kwa ng'ombe wangu; nani atawachunga?" Akamgeukia Apolinari. "Mpimbwe kama wewe achunge ng'ombe wa Msukuma. Wazee wangu watahama makaburini."

"Nitawachunga," alisema Apolinari. "Lakini mbali kidogo, nisisikie ukelele."

Wakafanya hivyo. Upande wa mashariki waliwaachia ndege. Mpunga uliobaki uliwafikisha kwenye mvua za kwanza, kisha Marsela akaenda kwao kuomba mihogo.

Msimu uliofuata, watu walipokutana kugawana zamu za mbugani, Nkwabi alisimama akasema dungu la Apolinari analo yeye, na sababu akaitaja mbele ya wote. Wengine walitazama chini. Mmoja aliuliza kama huo ugonjwa unaambukiza. Mwingine akasema mdogo wake naye, tangu arudi, analala chini ya kitanda, na walikuwa wakimcheka.

Apolinari alikuwepo, amesimama pembeni na fimbo. Alingoja wamalize kuongea, akaenda kufungulia ng'ombe.