Namba Sita Mlangoni

Miaka kumi na moja iliyopita mdogo wangu Gerhadi alinipigia simu kutoka Stockholm akaniomba nifute jina la dada yetu mlangoni, nami nikakubali. Naanza na jambo hilo kwa sababu safari ninayoisimulia hapa, ya kwenda Uswidi na kurudi, ilitoka humo, na sitaki msomaji asafiri nami akidhani nilikuwa mgeni mwema.

Mlango wenyewe ni wa karakana ya babu yetu Otto, huko Lushoto. Babu alikuwa seremala Mjerumani. Alikuja Tanganyika kijana, akaoa Msambaa, akazikwa hukohuko milimani. Kila Jumatatu ya Pasaka alitusimamisha wajukuu kwenye mwimo wa mlango, akatuwekea rula kichwani, akachora mstari kwa penseli, akaandika jina na namba kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mimi ni namba tano. Gerhadi ni namba saba. Namba sita ni Rehema, ambaye baba yetu, mzee wa kanisa, alimzaa na mwanamke wa Mombo akiwa tayari ana ndoa. Baba hakumtaja nyumbani hata siku moja. Babu alimhesabu. Kila likizo alimpandisha mlimani, naye Rehema akala nasi, akapimwa nasi. Rehema alikuwa na tabia ya kujiinua kwa vidole vya miguu, nami nikimkandamiza mabega na kupiga kelele, "Babu, anadanganya!"

Ndugu walipoanza kuandika historia ya ukoo, Gerhadi alitaka picha ya mwimo ule iwe mwanzoni mwa kitabu. "Kaka, mama bado yu hai," aliniambia. "Unataka aione aibu ile kitabuni?" Kati yetu wawili mkubwa nilikuwa mimi. Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Nilichukua msasa nikasugua mistari yote ya namba sita, mwaka baada ya mwaka, mpaka ubao ukawa mweupe, kisha nikapaka mafuta na kupiga picha. Mama alipita pale jioni, akasimama.

"Mlango umeufanya nini, Ernesti?"

Nikasema naukarabati. Mama alikuwa ameufuta vumbi mwimo ule kwa miaka arobaini.

Februari mwaka huu, Neema, binti wa Gerhadi, aliandika kwamba kitabu kimekaribia kukamilika na kwamba wananihitaji. Walikuwa na utaratibu wao: kila ukurasa ulisomwa kwa sauti mbele ya ndugu, na haukuingia kitabuni mpaka mkubwa wa ukoo aseme, "Upite." Mkubwa aliyebaki ni mimi. Nilikubali kwenda. Nilijiambia nakwenda kumwona mdogo wangu kabla mmoja wetu hajafa, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mombo tulifika saa tatu asubuhi. Basi lilisimama kupakia abiria, nami nikawa naitazama njia inayoelekea kwa Rehema, kando ya mashamba ya mpunga. Zamani kila mavuno alinipandishia mfuko mdogo wa mchele mpya, nami nikamteremshia peasi za Lushoto. Tulipomzika mama, alikuja. Nilimwona karakanani, ameweka kiganja mahali palipo peupe. Mchele haukuja tena. Watu walioniuliza niliwaambia kwamba Mombo mvua haikunyesha. Basi likaondoka. Sikushuka.

Angani nililala na kuamka mara nyingi, nisijue ni usiku gani wala wa nchi gani. Nilimwota babu akipiga randa, na maranda yakianguka bila kufika chini. Tulipotua Stockholm nikachungulia dirishani, nikaona unga wa mbao umefunika dunia nzima, mapaa, miti, hata mabawa ya ndege zilizoegeshwa. Ilikuwa theluji. Nilikuwa nimeisoma sekondari, kwenye kitabu cha jiografia. Kitabu hakikusema kwamba inanyamazisha kila kitu.

Neema alinipokea. Ni mwalimu, mrefu kama babu. Alipiga goti kidogo palepale kwenye umati. "Shikamoo, baba mkubwa. Umekuja na koti hilo tu?"

"Hili ndilo la kuvaa kanisani."

"Huku litakusaidia kuomba tu," akasema, akanivisha la kwake.

Vällingby, anakoishi Gerhadi, ni mtaa wa magorofa na maduka upande wa magharibi. Mdogo wangu amezeeka kuliko mimi. Alikuja huku kijana kusomea ufundi mitambo, akabaki, mkewe akafia huku. Sebuleni kwake meza nzima ilikuwa ya babu: nakala za vitabu vya ubatizo kutoka kijiji chake Ujerumani, barua, ramani ya meli, picha ya mashine yake ya kupasulia mbao. Gerhadi alimsemesha binti yake Kiswahili, naye akajibu Kiswidi, wakaelewana, kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta.

Siku tatu za mwanzo zilipita kama usingizi wa mchana. Jua lilichungulia, likatembea chini chini kando ya paa za nyumba, na kabla ya saa kumi na moja jioni lilikuwa limezama. Kila dirisha liliwaka taa ndogo. Ijumaa Neema alinipeleka ziwani karibu na kwao, akaingia ziwani akitembea.

"Njoo, baba mkubwa. Barafu imeshika."

"Petro alizama," nikamwambia.

"Petro hakuja Februari."

Nikaingia. Watu walipita na watoto na mbwa juu ya maji, na sauti zao zikanifikia kwa kuchelewa. Nilitazama chini ya viatu vyangu, palikuwa na weusi mtulivu. Nikafikiri: hiki ninachokikanyaga kitayeyuka, na kila mtu hapa anajua, na bado tunatembea.

Jumamosi, saa nane mchana, ndugu walikutana kusoma. Sisi watatu tulikaa mezani. Binamu yetu wa Arusha na ndugu mmoja wa Ujerumani, anayejua kusoma maandishi ya zamani, walionekana kwenye skrini. Kurasa za babu zilisomwa, na kila moja nikasema, "Upite." Zilikuwa nzuri. Kisha Neema akaweka ile picha ya mwimo, ameikuza kama gazeti.

"Kuna kitu sielewi," alisema. "Hapa kuna moja mpaka tano. Halafu saba, nane. Babu alipima meza kwa milimita. Hawezi kuruka namba. Sita ni nani?"

Gerhadi alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikainama kwenye kikombe.

"Pengine mtoto alifariki," akasema binamu wa Arusha kwenye skrini. "Enzi zile watoto walikufa sana."

"Inawezekana kabisa," akasema Gerhadi.

Neema akaandika, akasoma kwa sauti: *Mjukuu wa sita alifariki akiwa mchanga, jina lake halikuhifadhiwa.* Akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nje theluji ilikuwa ikishuka polepole, wala haikuwa na haraka na mtu.

"Upite," nikasema.

Jumapili baada ya ibada mjini, nilisema nitarudi Vällingby peke yangu. Nilitaka kukaa mahali pasipo na anayenijua. Kituo kikuu treni ziko chini ya ardhi, ghorofa chini ya ghorofa, na kuta za mwamba zimechorwa majani ya buluu. Nikapanda treni iliyokuja, nikasinzia. Nilishtuka taa zilipozimwa na kuwashwa, na behewa lina watu wawili, mimi na mama mmoja mwenye kitenge chini ya koti zito.

"Papa, treni imeisha," aliniambia kwa Kiswahili. "Hapa ni Hjulsta. Unaenda wapi?"

"Vällingby, mama."

"Aah! Ulipanda ya bluu, ulipashwa kupanda ya kijani." Akacheka. "Weye ni mutu wa Tanzania. Unasema Kiswahili ya Biblia."

Aliitwa Mama Furaha, mkimbizi wa zamani kutoka Uvira, Kongo. Alinipeleka kwake, gorofa ya pili, nikanywe chai kwanza, maana nilikuwa natetemeka. Aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia: kuandika kitabu cha ukoo.

"Muna bahati," alisema. "Sisi makaratasi yote ilibakia kule. Hata picha moja haiko. Tulikuwa watoto tisa. Katika kambi, kila asubui mama alikuwa anatuita majina, wote tisa, na wawili haikujulikana kama wako wazima ao walikufa. Siku moja papa akasema, 'Acha wale wawili, tuwalilie, ikwishe.' Mama akakataa. Akasema mutu haazikwi na mudomo."

"Na wale wawili?"

"Mumoja hatukumuona tena." Akaniongezea sukari bila kuuliza. "Mwingine ni mimi."

Chai ilikuwa moto sana, nami niliinywa hivyohivyo.

Saa tisa alasiri alinirudisha kituoni, akanipandisha treni, akanionyesha kwa vidole pa kubadilisha. Neema alikuwa ananisubiri nje Vällingby, amechanganyikiwa, simu mkononi. Nilimwomba tupite ziwani. Katikati ya barafu nikasimama.

"Namba sita hakufa," nikamwambia. "Anaitwa Rehema. Yuko Mombo. Ni shangazi yako. Jina lake nililifuta mimi, kwa msasa."

Alirudisha simu mfukoni. Kisha, kwa Kiswahili, pole pole, kama anayechagua kila neno: "Na jana ukasema upite."

"Nikasema upite."

"Baba anajua?"

"Yeye aliomba. Mkono ulikuwa wangu."

Nyumbani Gerhadi alipiga meza, karatasi za babu zikaruka. "Umenivua nguo mbele ya mwanangu, kaka! Mimi nilikuwa namlinda mama!"

"Mama alijua, Gerhadi. Aliujua mlango ule kuliko sisi."

"Basi ungeninyima wakati ule! Mkubwa nani? Si wewe?"

Alisema kweli. Neema alikuwa amekwisha kaa, anafuta sentensi ya jana. Aliniuliza maswali hadi chakula kikapoa: Rehema alizaliwa lini, mama yake nani, alikuwa mrefu kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja, hewani. Mwaka mmoja alinipita, nikalia. Niliposomewa ukurasa mpya sikuweza kusema ile kauli yetu, nikatikisa kichwa tu kukubali. Gerhadi alikuwa jikoni, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Siku ya kuondoka alinibebea begi mpaka kwenye lifti, akanipa mkono, akasema, "Msalimie."

Mombo nilifika siku ya pili baada ya kutua, saa saba mchana, katika joto lililonipokea kama blanketi. Safari hii nilishuka. Nilikuwa na ule ukurasa ndani ya bahasha. Rehema alikuwa barazani anapepeta mchele. Amekuwa mwembamba, macho ni yaleyale ya babu, ya kijivu. Maisha yake yote ameniita kaka Erne. Aliniona, akaweka ungo chini.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba."

Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamsomea ukurasa wote. Jina lake, la mama yake, likizo za mlimani, namba sita. Alisikiliza ametazama mashamba. Nikamwambia na la msasa, na la Jumamosi ile Stockholm, kwa sababu nilikwisha kuchoka kuchagua ya kusema.

"Mlango niliuona," alisema. "Nikajua ni wewe. Gerhadi hajui kushika msasa. Nikasema moyoni, atateremka mwenyewe aniambie. Mombo si mbali. Nikangoja mwaka, nikangoja mwingine." Akaokota punje ya mchele sakafuni, akairudisha kwenye ungo. "Mimi nipo hapa nangoja, kumbe huko Ulaya mnanizika."

"Nimelirekebisha, Rehema. Umo kitabuni."

"Nimesikia. Umesoma vizuri." Akainuka. "Gari la kupanda mlimani linapita saa tisa, mzee. Usichelewe."

Nilimwachia ukurasa juu ya kiti. Njiani niligeuka mara moja. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye ungo wake.

Tangu hapo nimempelekea peasi mara mbili kwa basi. Mara zote mbili utingo amenirudishia kikapu kikiwa kimejaa vilevile.

Nilichojifunza si kikubwa. Penseli inafutika kwa nusu saa, na hakuna aliyenishika mkono nikifuta. Kitabu kimechapwa, ni kizuri, na ndugu wakikifungua watamkuta Rehema mahali pake, kati yangu na Gerhadi. Nami nina miaka sabini na sita, na mtu wa mwisho duniani aliyeniita kaka Erne haniiti tena. Siku ile Gerhadi alipopiga simu nilikuwa na dada. Sasa sina.