Twaiba, dereva anayempeleka mahakamani mzee aliyemshtaki

Saa moja kasorobo asubuhi, Twaiba Nassir anazima tuktuk yake mbele ya nyumba ya makuti kijijini Bodo na kupiga hodi.

"Shikamoo, baba. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mguu haukunipa usingizi," anajibu Mzee Mwero, akijikongoja kwa magongo.

Twaiba anamshika kwapani, anampandisha taratibu na kuunyoosha mguu wake wa kulia juu ya mto. Safari ya Msambweni inaanza. Wanakwenda mahakamani, ambako Mzee Mwero ndiye mlalamishi, na aliyemshtaki kwanza ni huyo huyo aliyeshika usukani.

Msomaji asidhani ni mzaha. Leo hakimu anaamua iwapo kampuni ya bima ya tuktuk hii itamlipa mzee au la. Kampuni ikishinda, mzigo wote ni wa Twaiba, na tuktuk hata ikipigwa mnada haitafikisha robo ya gharama. Mzee atabaki na mguu wake mbovu.

Twaiba, mama wa watoto watatu, ana umri wa miaka 36. Siku njema, akishatoa petroli, hubaki na shilingi elfu moja na mia mbili. Masika ya mwaka juzi, kwenye barabara ya udongo ya kuingia Bodo, tuktuk iliteleza ikamgonga Mzee Mwero akisukuma baiskeli ya mihogo. Paja likavunjika.

"Kosa ni langu. Nilikuwa mbio na njia ilikuwa na tope. Hilo silifichi," anasema.

Alimkimbiza mzee hospitalini, na jioni ile ile akarudi Bodo na mjomba wake kuomba radhi. Walipokelewa kiungwana mno. Mbodze, mke wa mzee, ndiye aliyemkataza kulipeleka jambo lile mbele.

"Nilimwambia, mwanangu, haya ni ya nyumbani. Ukiyapeleka kwa watu wa afisi, majirani watasema tumekukatalia radhi," anakumbuka Mbodze.

Basi Twaiba akatii, na hapo ndipo alipoteleza mara ya pili. Lakini nani wa kumlaumu? Huku kwetu, kuomba radhi kisha ukaenda kuandikisha maneno ni kama kukaribishwa chai ukaimwaga mlangoni.

Kwa miezi minane alimpeleka mzee kliniki bila nauli, na hakuja Bodo mikono mitupu. Hata hivyo mfupa uliunga vibaya. Daktari akasema uvunjwe tena na utiwe chuma, na bei aliyotaja hakuna aliyeimudu. Twaiba akapiga moyo konde, akaenda kwa watu wa bima.

"Kijana wa kaunta aliniuliza ajali ni ya lini. Nilipomwambia, akacheka. Akasema, 'Mama, mkataba unataka utuarifu mara moja. Hii hatulipi.'"

Wakili Judy Sanga aliwaonyesha njia iliyobaki. Mzee amshtaki Twaiba, kampuni iarifiwe mapema kwamba kesi ipo, na hukumu ikitoka, bima ndiyo itakayodaiwa. Mzee Mwero alikataa katakata.

"Nimshtaki aliyenibeba mgongoni? Watu watanionaje?"

Aliyemshawishi ni Twaiba mwenyewe. Alikaa mkekani akalia machozi. "Nishtaki, baba. Mimi sina. Wao nimewalipa kila mwaka kwa ajili ya siku kama hii."

Mzee alishinda, mahakama ikaamuru alipwe shilingi laki tisa. Kampuni ikagoma kulipa, ikabidi nayo ifikishwe mbele ya hakimu. Huko wakili wa kampuni alimkalia Twaiba kooni: vipi ampakie mtu anayemshtaki, kama si njama waliyoipanga?

"Bwana wakili," Twaiba alimjibu, "kutoka Bodo na magongo mawili, angekuja na nini?" Hata karani aliinama kuficha kicheko.

Saa tano hakimu anasoma uamuzi. Twaiba alichelewa kuarifu, na hilo ni kosa. Lakini ni kosa baina yake na kampuni yake. Mzee hakutia saini mkataba wowote, wala hawezi kunyimwa haki kwa kuchelewa kwa mwingine. Kampuni imlipe.

Mzee Mwero anajifunika uso kwa kofia yake. Mbodze, aliyepanda nao tuktuk asubuhi, anamshika mkono.

Nje, Wakili Sanga anamvuta Twaiba kando. Kampuni ikishamlipa mzee, anamweleza, huenda ikamgeukia yeye na kumdai kwa sababu ya kule kuchelewa. Tuktuk haijasalimika bado.

Pale stendi Twaiba amekwisha kuwaasa madereva wenzake: wapigie watu wa bima siku hiyo hiyo, kisha nenda ukaombe radhi, moja haliharibu jingine. Yeye sasa ana mpango wa kumlaza mzee hospitalini kabla ya mwezi kwisha, na kuweka akiba kidogo kidogo kuwasubiri hao watakaomjia.

"Waje tu," anasema, akimtazama mzee anavyoshuka ngazi, gongo kwa gongo. "Tutazungumza. Wao wana miguu yote miwili."