Pole Niliyompa Shefu Esposito

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, hapa hapa Dubai, nilipompa mtu pole ya msiba ambao hakuwa nao. Usinicheke kwa kukuita mwanangu hali sina hata mvi moja. Kwetu Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, aliyepanda basi la kampuni miaka saba ni mzee tayari.

Nilikuwa naosha sufuria katika jiko la hoteli, na ndoto yangu ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya moto nipike. Wa kunipandisha cheo alikuwa Shefu Esposito, Mwitaliano, jina limeshonwa kifuani. Sasa mimi, jina nisilolijua maana huninyima usingizi. Kwetu nyumbani, anayeitwa Wafula ni mtoto wa msimu wa mvua. Esposito je, ni mtoto wa nini? Nikatafuta kwenye simu. Kumbe zamani, kule kwao, mtoto aliyeachwa mlangoni pa nyumba ya mayatima ndiye aliyepewa jina hilo. Aliyewekwa nje!

Nililia ndani ya basi, mwanangu. Halafu nikachanganyikiwa. Mtu anabebaje jambo kama hilo kifuani, mchana kweupe, watu wamwite kutwa, "Esposito, chumvi! Esposito, yalla, oda!" na yeye aitike tu?

Basi oda za mchana zimejaa, nikamsogelea na Kiingereza changu cha darasa la nane.

"Shefu, pole sana. Mama yako, Mungu amsamehe."

Akaacha mwiko. "Mama yangu? Amefanya nini?"

"Nimejua yote, Shefu. Jikaze."

Uso ukamwisha damu. Akachomoka na simu mkononi, wali wake wa Kiitaliano ukaanza kuungua.

Mzee Masumbuko, Mtanzania mkata nyama, akazima moto. "We kijana, umemfanya nini mwenzio?" Nikamweleza habari ya jina. Akafuta kisu chake.

"Mimi naitwa nani?"

"Mzee Masumbuko."

"Mwaka wa pili huu unaniita. Umenipa pole lini?"

Nikashika sufuria iliyoungua, nikaanza kuisugua.

"Mama alinizaa kwa taabu, akaniita hivyo, maisha yakaendelea. Mimi nikisikia Masumbuko, najua chakula tayari. Nenda kamwambie ukweli kabla hajakata tiketi!"

Nilimkuta penye mlango wa kupokelea mizigo, analia. Mama yake hapokei simu. Nikaeleza, nikaeleza tena, hanielewi. Mara simu ikaita. Mama alikuwa sokoni, mzima, anamgombeza kwa sauti niliyoisikia mimi.

Akafuta macho. "Kwetu, ukiita Esposito sokoni, nusu ya soko inageuka. Ni jina la babu yangu, basi. Lakini mama yangu usimtaje tena."

Nikabaki kwenye masinki miezi minne zaidi. Sikulalamika.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Maana ya jina waweza kuipata kwenye simu, lakini maisha ya mwenye jina yako kwake mwenyewe. Muulize kwanza, tena kwa wakati wake, si sufuria ikiwa motoni. Huruma isiyouliza huumiza kama kisu.

Mola akulinde kazini, akupe moyo laini na ulimi wenye subira, na akufikishe pale unapopaota. Amina.