Firigisi ya Mjomba Yona

Nilikula firigisi ya mjomba Yona, naye hakurudi nyumbani.

Wiki iliyopita, harufu ya firigisi zilizokuwa zikikaangwa Chang'ombe ilinirudisha kijijini Mlali, mchana wa Krismasi moja ya utotoni. Bibi alikuwa amesiliba kuta kwa udongo mwekundu, amepika tangu alfajiri, na firigisi ameifunika kwa bakuli, akimngojea mwanawe Yona kutoka machimboni.

"Nani kaila?"

"Paka, bibi."

"Paka gani huyo, anakula halafu anafunika bakuli?"

Mama wadogo walicheka. Bibi alitazama njia.

Kwa miaka mingi niliamini mjomba aligeuka njiani kwa sababu yangu. Leo najua machimbo hufukia watu, ingawa hakuna aliyewahi kutuletea habari. Jana bibi alinipigia simu, sauti imechoka: kuku wa Krismasi hii ameshapatikana, firigisi nisiiguse.