Dereva wa Kreni Nyumbani kwa Bibi
Dereva wa kreni hana haraka wala hapazi sauti. Kila tawi la mti unaokatwa likishafungwa, huukaza mnyororo taratibu, huachia mkono wa gia, hutazama kwanza, ndipo humwashiria mwenye msumeno akate. Lilipobaki shina bovu lililoliinamia paa la nyumba ya bibi yangu, bibi akagoma kutoka chumbani. Dereva akazima injini, akaanza kufuta vidole vyake vinene kwa kitambaa.

“Mama, mimi siinui kitu juu ya kichwa cha mtu.”

“Basi utakesha,” bibi akajibu dirishani.

“Nitakesha. Chai ipo?”

Bibi akacheka, akatoka na birika. Shina likakatwa, likapita juu ya mabati bila kuyagusa. Mwanga ukajaa chumbani.

“Sasa hapa nipande nini?” bibi akauliza.

“Kitu kifupi, mama.”