Kinu Sikioni

Tangu Insaf ajifungue, hapa ghorofani kwetu, mjini Tanta, Misri, hakuwahi kunywa uji wake wa mzazi ungali moto. Sisi majirani tuliokuja kumwona ndio tulioumaliza, tukamwachia vikombe aoshe. Na mama mkwe wake, Hajati Tafida, akimsimanga: "Mtoto mwenyewe analala na kelele zote hizi, wewe kinakuliza nini?"

Siku ya saba tulimlaza mtoto kwenye ungo. Tafida akakigonga kinu cha shaba kwa mchi, sikioni mwa mtoto, kama desturi yetu, ili azoee makelele.

"Msikilize bibi yako! Mama yako usimsikilize!"

Tukacheka. Kila mtoto hushtuka, akaangua kilio. Huyu alitazama dari tu.

"Simba huyo!" Tafida akajigamba. "Hatishiki!" Tukapiga vigelegele.

Insaf alimpokonya mchi, akainama nyuma ya kichwa cha mwanawe, akagonga kwa nguvu zake zote mpaka nikaziba masikio. Mtoto hakupepesa hata jicho.

Vigelegele vikakatika. Insaf akamrudishia mkwewe mchi.

"Haya mama, endelea. Mwambie asinisikilize."