Mkungu Ambao Bibi Hakuutaja

Nyumba yetu ya Mirdif, Dubai, ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani, zikipita chini kabisa juu ya paa letu hata vikombe vikagongana kabatini. Ya pili ni ya bibi yangu akisoma mipaka ya shamba. Kila siku akimaliza kusali alasiri hainuki kwenye msala, anajikanda magoti, anafumba macho, kisha anaanza: "Kibla, mto. Matlai, shamba la Bwana Masoud. Suheli, njia ya magari ya ng'ombe. Maghribi, msikiti na kisima chake." Ndege ikipita katikati ananyamaza mpaka iishe, halafu anaanza upya tangu kibla, kwani kwake mipaka iliyokatizwa haikuwa mipaka. Shamba lenyewe liliitwa Mtakuja, la mikarafuu, huko Unguja. Baada ya Mapinduzi serikali ililichukua, ikalikata vipande vya eka tatu tatu na kuwagawia watu, naye akaishia Dubai akiwa na baba yangu mgongoni. Mimi nilizaliwa hapa. Mtakuja sikuwahi kuiona hata kwenye picha, lakini nilipotimiza miaka kumi ningeweza kuitaja mipaka yake usingizini.

Mwaka huo nyumba yetu ilishikwa na habari za Zimbabwe. Televisheni ilionyesha wakulima wa Kizungu wakipakia makochi na mbwa wao kwenye magari, na watu waliokuwa hawana ardhi wakiingia mashambani wakiimba. Kisha nchi za Magharibi zikatangaza vikwazo, na neno hilo likaingia sebuleni kwetu likakaa kama mgeni asiyeaga. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuja Ami Suleiman, mdogo wake marehemu babu, akagombana na Baba kana kwamba wao wawili ndio watakaoamua. "Wawekewe vikwazo mpaka waseme khalas, basi," alisema Ami. "Mtu hanyang'anywi mali yake hivi hivi." Baba akamjibu kwamba ile ardhi nayo ilinyang'anywa kwanza, na vikwazo havimnyimi waziri chakula, vinamnyima mama aliyepanga foleni ya unga. Bibi alisikiliza bila kuchagua upande. Siku moja tu ndiyo alifungua mdomo, na sauti yake ikatufanya sote tugeuke. "Waliotunyang'anya sisi, nani aliwawekea vikwazo? Nani alitulilia?" Baba akasema polepole, "Na waliopewa je, Mama? Nao si walikuwa watu?" Bibi akamwambia, "Walikuwa watu wangu. Nikiwajua kwa majina."

Aliyekuwa akituletea kahawa na halua wakati wa mabishano hayo alikuwa Da Mize. Alikuja kutoka Unguja kufanya kazi kwetu miezi michache kabla, Baba akiwa ndiye kafeel wake, mdhamini wa viza yake, na Bibi alimpokea kama aliyeletewa binti. Hatimaye alikuwa na mtu wa kumpikia mchuzi wa pweza bila kufundishwa, mtu wa kusema naye Kiunguja chake chote bila kukatakata. Bibi alipomuuliza kwao wapi, alijibu, "Mjini, bibi, Ng'ambo," akageuka kuepua chungu. Sikuona ajabu yoyote. Nilimpenda sana Da Mize. Alikuwa akinisuka nywele jikoni huku akiimba kwa pua, na nikilia kwa maumivu ananiambia nisijitie udhaifu, nywele si jino. Lakini niliona kwamba Bibi akianza kusoma mipaka, Da Mize hufunga mfereji wa maji hata kama vyombo vina povu, akasimama akisikiliza.

Mimi ndiye niliyeharibu, na nitasimulia nilivyoharibu. Niliona Bibi anachoka na ile kazi ya kila alasiri, nikafikiri nikimchorea shamba kwenye karatasi atapumzika. Nikachukua karatasi kubwa ya shule na rangi, nikakaa kwenye sakafu ya jikoni. Matlai na suheli, mashariki na kusini, ziliniingia bila taabu; kibla ikanishinda mara moja. Kwetu Mirdif, kibla ni upande jua linakotua. Huko ndiko msala wa Bibi ulikoelekea, huko ndiko sote tulikosali. Na maghribi pia ni kule kule. Kwa hiyo mto na msikiti vyote vilianguka upande mmoja. Nikavibana hapo, mto ukapita karibu na mlango wa msikiti kiasi kwamba watu wangesali na miguu majini, na upande wa kaskazini ukabaki mweupe, hauna kitu. Da Mize alikuja kuchungulia akacheka mpaka akashika meza. "Mto umeupeleka wapi, mwanangu? Hiyo ni kibla ya huku. Kibla ya kwetu iko kaskazini. Ukisimama kusali, jua linazama mkono wako wa kushoto." Akachuchumaa, akachukua kalamu, akaufuta mto wangu na kuupitisha juu ya karatasi ukiwa na kona mbili nisizozijua. Mkono wake ulikwenda bila kusita. Akakihamisha kisima, akakiweka nyuma ya msikiti, na pembeni yake akachora mti wenye matawi mapana. "Hapa pana mkungu," alisema. "Tukicheza chini yake." Halafu akaitazama kalamu. Akanishika kidevu. "Hii iwe yetu mimi na wewe. Usimwoneshe bibi. Umesikia?"

Nilisikia. Nikasema ndiyo. Na kesho yake, baada ya alasiri, nikamwonesha, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Bibi alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, na uso wake ukalegea kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Alitamka kila upande akitikisa kichwa. Kisha kidole kikasimama. "Na huu mti?" Nikamwambia ni mkungu. "Mtakuja hapakuwa na mkungu," alisema. "Nani kakwambia kuna mkungu?"

Nikamtaja.

Bibi hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akishika ukuta, nami nyuma yake, akamkuta Da Mize anachambua mchele. "Wewe mtoto wa nani?" Da Mize aliweka ungo chini. Kwanza alinitazama mimi, na hayo macho ninayo mpaka leo. Hayakuwa na hasira, na laiti yangekuwa nayo. "Mtoto wa Makame, bibi." Bibi akauliza, "Makame aliyekuwa akilima muhogo chini ya mikarafuu yangu?" "Ndiye huyo. Alipewa eka tatu. Mimi nimezaliwa hapo." Bibi akasema alimruhusu muhogo tu, hakumruhusu mti. Zamani hiyo, nilikuja kuelewa baadaye, mwenye shamba alimwachia mtu alime chakula kwa kumpalilia, lakini hakumwachia kupanda mti wa kudumu, kwani mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Da Mize alijibu kwa adabu, macho chini, lakini alijibu. "Ndiyo, bibi. Miaka yote aliyopalilia hakupanda. Siku aliyopewa karatasi yake ndipo alipoupanda ule mkungu. Alikuwa akisema ndio mti wake wa kwanza duniani."

Kuanzia siku hiyo Bibi hakula chochote kilichopikwa na mkono wa Da Mize, wala hakumsemesha. Alikula mkate mkavu na tende, akanywa chai aliyoipika mwenyewe. Mama alibembeleza, Baba akakasirika, hakuna kilichosaidia. Ijumaa Ami Suleiman alipouliza mbona shemeji yake amekonda hivi, nikajibu mimi, kwa kiherehere changu, "Bibi amemwekea Da Mize vikwazo." Ami aliangua kicheko, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Da Mize alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Aliliweka mezani, akamimina vikombe vyote bila kumwaga tone, akatoka. Jioni alimwendea Baba akamwomba amfutie viza yake arudi kwao. Baba alimwambia hakuna aliyemfukuza. "Najua," alisema. "Lakini bibi hali."

Siku ya kuondoka alivaa buibui lake, akaingia chumbani kwa Bibi kuaga. Mimi nilisimama kwenye ujia, sina uso wa kuingia. Bibi akauliza, "Makame yu hai?"

"Amefariki, bibi."

"Kazikwa wapi?"

"Pale pale, karibu na mkungu."

Nilimsikia Bibi akivuta pumzi. "Basi pale ni kwenu," alisema. "Mtu akishamlaza mzazi wake pahala, pahala pale ni kwao. Nenda." Akampa mkono, Da Mize akaubusu. Nilingoja Bibi aseme neno moja zaidi. Mama naye, aliyesimama karibu nami, alingoja. Halikuja. Da Mize alipopita kwenye ujia alinigusa kichwa, na mimi, niliyekuwa na midomo mirefu wiki zote hizo, sikuweza hata kumwomba radhi.

Bibi hakusoma tena mipaka. Alasiri zilipita na ndege peke yake, na ukimya ule ulinitisha kuliko kitu chochote cha utoto wangu. Alifariki miaka sita baadaye, tukamzika hapa Dubai, kwenye mchanga usioota hata jani. Zimbabwe ilitoka kwenye televisheni yetu, zikaja nchi nyingine. Bado nasikia watu wakibishana ardhi ni ya nani na vikwazo vinamuumiza nani, wote wakiwa na hoja nzuri, na mimi nashindwa kuchangia, maana kila wakianza namwona mwanamke anaweka ungo chini.

Siku hizi naishi kwenye ghorofa ya kupanga, Jumeirah Village Circle. Nilizaliwa katika mji huu, nimesoma hapa, nafanya kazi hapa, na uraia wa hapa sina. Kila viza yangu inapokaribia kwisha naomba tena niruhusiwe kukaa. Sikuwahi kumtafuta Da Mize. Naona haya, na zaidi ya haya, naona wivu: namwonea wivu binti wa mtu aliyegawiwa shamba letu, kwa sababu siku tulipomwachia aondoke, alikuwa na pa kwenda. Kwa kipimo cha Bibi mwenyewe, kwetu ni hapa, kwa kuwa hapa ndipo alipolala. Lakini ombi langu likikataliwa, mimi sijui nitakwenda wapi, na Bibi sijui nitamwachia nani.